Jiwe la Ras Kazone

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Jiwe hili nimeliokota chini ya ukingo wa Ras Kazone, hapa Tanga; lipitisheni mkono kwa mkono. Hivyo vitundu vya mfano wa nyota ni nyumba za vijidudu vya tumbawe. Tumbawe haliishi nchi kavu.

Mzee mmoja ameniuliza hapo mlangoni kama si mawimbi yaliyolitupa juu. Swali lenyewe hasa! Tumbawe lililotupwa utalikuta limepinduka, limevunjika, limechanganyika na kokoto. Lililoota papo hapo limesimama kama lilivyokua, limeng'ang'ania jirani yake. Ukikuta la namna hiyo juu ya alama ya maji ya bamvua, ama nchi imeinuka, ama bahari iliwahi kufika huko.

Ni lipi kati ya hayo? Hapa ninapenda kuwapeleka Shelisheli. Kule matumbawe ya kale yamegandamana na mawe ya granaiti, mita kadhaa juu ya maji, na visiwa vile havipandi wala havishuki sana. Umri wake unajulikana kwa urani: tumbawe hai huinyonya kutoka baharini, kisha urani hiyo hugeuka polepole kuwa elementi nyingine, thori. Ukipima kiasi cha kila kimoja, unapata miaka. Jibu ni takriban miaka 125,000. Barafu ya dunia ilikuwa imepungua, bahari ikasimama mita 6 hadi 9 juu ya hii ya leo. Hebu fikirini mita 6 hapa mjini kwetu.

Kisha maji yakarudi nyuma. Miaka 20,000 iliyopita, barafu nene ilipofunika kaskazini ya Ulaya na Amerika, bahari ilishuka kama mita 120. Mkondo wa Unguja ni wa kina kifupi, ukakauka. Mnyama alivuka kwa miguu, ndiyo maana Unguja ilikuwa na chui wake. Pemba haikuwa hivyo. Wavuvi mliomo humu mnaujua mkondo wa Pemba, kamba haigusi chini: ni mamia ya mita. Pemba ilibaki kisiwa, na chui hakufika.

Kesho maji yakipwa tutashuka wote ukingoni, niwaoneshe mahali mawimbi ya leo yanapoula mwamba kwa chini, hadi juu umebaki kama kofia ya uyoga. Mkato ule ndio usawa wa bahari ya sasa unavyojiandika, na ndio tunaoutafuta kwenye miamba ya kale. Msije peku, mwamba unakata.