Weldingi, jua la kusini na kile kinyama cha jicho

Haya jamani, asalaam aleikum, tumsifu Yesu Kristo, na mliokaa huko nyuma chini ya mwembe sogeeni maana hii spika mnaisikia inavyokoroma. Najua kuna watu hapa Lindi wameacha geti la mteja halijaisha, ntajitahidi kuwahi.

Leo ni saratani ya jicho, na nianze na mafundi weldingi. Nani hapa hajawahi kulala macho yanachoma kama yamemwagiwa mchanga? Hakuna mkono, nilijua. Mchana unachomelea huoni shida, ikifika usiku ndo shughuli inaanza, machozi yanatiririka, mmoja anatafuta maziwa ya mama anayenyonyesha, mwingine anakata kiazi. Pale kioo cha jicho kimeungua kwa juu, kimeunguzwa na miale ya urujuanimno inayotoka kwenye mwanga wa rodi, na kawaida inapona siku moja au mbili, na hapo ndo penye tatizo kwa sababu mtu akishapona anasema mi nishazoea. Jicho halizoei, bwana.

Mwaka 2017 shirika la utafiti wa saratani la WHO, lile la kule Lyon, Ufaransa, liliita wataalamu wakapitia tafiti za weldingi, na ile miale wakaiweka kundi la 1, maana yake ushahidi umetosha kwamba inasababisha saratani kwa binadamu, na saratani yenyewe ni melanoma ya jicho, inaota ndani kwenye tabaka zenye rangi. Moshi nao wakautia humohumo, ila huo ni kwa mapafu.

Sasa msitoke hapa mkasema tumeambiwa tutakufa wote! Melanoma hiyo ni adimu, na kwetu sisi weusi ni adimu zaidi, wanaoipata sana ni wazungu wenye macho ya bluu. Ila sisi tuna saratani ya jicho ya kwetu.

Ya kwetu inaota nje kama kinyama, pale weupe unapokutana na ule mviringo mweusi, upande wa pua au wa sikio, palepale jua linapopiga. Mwaka 1996 kulitoka utafiti uliolinganisha nchi mbalimbali, ukaona kila ukisogea nyuzi 10 kutoka ikweta ugonjwa huu unapungua karibu nusu, Uganda uko juu, Uingereza ni kama haupo. Sisi tuko nyuzi 10 hivi kusini, piga hesabu mwenyewe. Na mama zangu wa mashamba ya chumvi, kofia mnavaa sawa, lakini maji na chumvi nyeupe vinalirudisha jua linawapiga kutokea chini, wavuvi vilevile, wa mwani vilevile.

Mama hapa mbele anauliza, na salfa je? Mama, salfa tunayopulizia mikorosho inawasha na kuchubua macho, vaa miwani ya kuziba pembeni na upepo uwe mgongoni kwako, ila kwenye orodha ya vinavyoleta saratani ya jicho haimo. HIV imo, niseme wazi, kinga ikishuka hii saratani ya nje inapata nafasi, ndo maana huku kwetu iliongezeka miaka ya 1990. Kwa hiyo ukija na kinyama ukaambiwa upime, usininunie.

Maana wengi mnavyo hivyo vinyama, nawaona kutokea hapa! Vingi ni vya kawaida, ni jua na vumbi tu. Cha kunitisha ni kinachokua ndani ya miezi, chenye mishipa minene, au utando mweupe juu yake, au doa la kahawia, na hata hapo kwa kuangalia tu tunaweza kukosea, kwa hiyo ukikatwa uliza, nyama imeenda maabara? Kikiwa kidogo ni ganzi, kisu, unarudi kwako kula ugali. Kuna mzee mvuvi nilimpokea, alikaa nacho akiweka sukari ya kusaga mpaka kikamfunika jicho lote, na jicho likabidi litolewe. Wenzetu Kenya walichapisha 2016, waliopewa dawa ya matone baada ya kukatwa kilirudi kwa 11 kati ya 100, ambao hawakupewa kikarudi kwa 36.

Mafundi, miwani ya jua ya mnadani hata iwe nyeusi kama masizi siyo kioo cha kuchomelea. Kwa kazi za kawaida za rodi tafuta kioo namba 10 au 11, kikipasuka usikigundishe na gundi. Na huyu dogo saidia fundi anayekushikia chuma amegeuza uso pembeni, yeye macho yake ya chuma? Mpe chake, halafu vuta turubai upande wa barabarani, watoto wakitoka shule wanasimama kuangalia cheche.

Haya, maswali. Kaka wa kanzu uanze, halafu wewe kijana wa ovaroli, wewe usiulize, njoo kwanza nikuangalie hilo jicho la kushoto, tangu nimeanza kuongea unalifikicha.