Jinsi ya kucheza Clank! na familia, tuanze pamoja hatua kwa hatua

Haya jamani karibuni, leo tumekaa chini kwenye mkeka maana hii gemu inataka nafasi kubwa kidogo. Inaitwa Clank!, ilitoka mwaka 2016, aliyeibuni ni Paul Dennen, na inachezwa na watu wawili mpaka wanne. Kisa chenyewe ni hivi, nyinyi ni wezi mnashuka kwenye mapango chini ya ngome kuiba hazina ya joka, na ukipiga kelele joka anakusikia. Hiyo kelele ndo gemu yenyewe, shikeni hilo.

Kama watoto wako wanajua kucheza last card basi kazi imekwisha nusu, kuchanganya wanajua, kusubiri zamu wanajua. Tofauti ni kwamba huku kila mtu ana fungu lake la kadi na analikuza mwenyewe kadiri gemu inavyoenda.

Kwanza tandaza bodi. Ina pande mbili, anza na upande rahisi, ule mwingine uacheni mpaka muwe mmezoea. Panga hazina kwenye namba zake, ziko 7, ya pointi 5, 7, 10, 15, 20, 25 na ya 30, na mnavyoona hapa zile kubwa ziko chini kabisa, mbali na mlango. Halafu kila mtu achague rangi, achukue kete yake na hivi vidude vya mbao, vimekaa kama dadu ila havina namba, sisi nyumbani tunaviita vidadu. Kila mtu anavyo 30 vya rangi yake. Vile vyeusi 24 ni vya joka, hivyo vinaingia kwenye mfuko tangu mwanzo.

Kila mtu anapewa kadi 10 zinazofanana: Burgle 6, Stumble 2, Sidestep 1 na Scramble 1. Changanya, chukua tano mkononi. Kwenye lile fungu kubwa la katikati fungua kadi 6 uzipange mstari mmoja, na kama kuna yenye alama ya joka itoe uweke nyingine, joka hashambulii kabla hamjaanza. Pembeni yake kuna zile ambazo zipo muda wote, ntazitaja mbele.

Sasa zamu inaendaje. Unaziweka chini kadi zako zote tano, zote kabisa, huruhusiwi kuficha hata moja. Kadi zinakupa vitu vitatu, ujuzi wa kununulia kadi mpya, upanga wa kupigania, na buti za kutembelea. Burgle inatoa ujuzi mmoja, Sidestep buti moja, Scramble inatoa ujuzi mmoja na buti moja. Stumble haikupi kitu, hiyo umejikwaa, unachukua kidadu chako kimoja unakiweka hapa kwenye sehemu ya kelele. Watoto mwanzoni wanaumia sana na hizi Stumble, waelezeni mapema kwamba kila mtu anazo mbili na zitatoka tu, asidhani kaonewa.

Ukishamaliza, kadi ulizocheza na ulizonunua zote zinaenda kwenye fungu lako la zilizotumika, unachukua tano nyingine, na fungu likiisha unachanganya zilizotumika zinakuwa mpya. Hapa ndo pa kuelewa maana hata watu wazima wanakwama, kadi uliyonunua leo huitumii leo, itakuja kukufikia baadae ukishachanganya. Na ujuzi uliobaki haulimbikizwi, zamu ikiisha umepotea.

Ununue nini? Kwa mara ya kwanza mi nawaambia wanangu wasisahau Explore, bei yake ujuzi 3, inakupa ujuzi 2 na buti moja, na ipo pembeni pale. Mercenary ni ya 2, inakupa ujuzi mmoja na upanga 2. Kuna na kadi ya Goblin, zimwi dogo, ukimpiga kwa upanga 2 unapata dhahabu moja, halafu haondoki, unaweza kumrudia. Baada ya hapo mwache mtoto anunue anachotaka hata kama unaona kakosea, kwa kweli nimeona ukimwamulia mtoto kila kadi anachoka haraka na anaacha kusoma. Kadi zimeandikwa kiingereza, sisi dada mkubwa anasoma kwa sauti halafu tunasema kwa kiswahili inafanya nini, mara ya tatu hivi hata dogo alishazijua kwa picha.

Kutembea: buti moja njia moja. Njia yenye alama ya nyayo inakula buti mbili, yenye alama ya mnyama unatoa upanga au unaumia roho moja, yenye kufuli lazima uwe na ufunguo. Ukiingia pango la fuwele umefika, zamu hiyo hutembei tena hata kama una buti nyingi. Ufunguo unauzwa sokoni kule chini dhahabu 7, begi 7, taji nalo 7. Bila begi unabeba hazina moja tu na ukishaichukua huwezi kuiacha ubadilishe, kwa hiyo fikiria kabla hujaigusa.

Haya, joka. Mwisho wa kila zamu mnajaza ule mstari wa kadi 6, ikitokea yenye alama ya joka basi vidadu vyote vilivyopo kwenye kelele vinaingia mfukoni na mnavuta, idadi inasomwa pale joka alipo kwenye njia yake ya hasira, na kila hazina inapochukuliwa anasogea mbele. Kikitoka cheusi hakuna kitu, kinawekwa pembeni. Kikitoka cha rangi yako umeumia, una roho 10 tu. Na kwa vile vyeusi vinapungua mle ndani, mwisho wa gemu ndo panatisha zaidi. Sisi mvutaji ni dogo, anavuta kimoja kimoja taratibu na nyumba nzima inanyamaza.

Sasa sikilizeni hapa. Ukifa huku chini ya mstari wa majani, ule uliochorwa kwenye bodi, huhesabiwi kitu, sifuri. Ukifa juu ya mstari na hazina unayo, pointi zako zinahesabiwa. Ukitoka mlangoni mzima na hazina yako unaongezewa 20. Juzi dada alishuka akachukua ile ya 30, moyo wake wote uko pale, ila kurudi buti hana, akaishia chini. Dogo alichukua ya 7 akageuka akatoka, 7 na 20 ni 27, bado hujaweka dhahabu, kila moja ni pointi moja, na kadi zenye pointi. Dada alilia kidogo, nikakaa nae tukaangalia kadi zake pamoja, akaona mwenyewe kwamba alinunua upanga tu njia nzima. Gemu iliyofuata alinunua Explore tatu kwanza.

Na wa kwanza kutoka anawaachia wengine kiama, maana kila zamu yake inayofuata anasogea kwenye ile njia ya kuhesabu na joka anashambulia kwa kuvuta vidadu vya ziada, akifika mwisho waliobaki ndani wote wanaanguka. Kwa hiyo usiangalie kadi zako tu, mwangalie na mwenzako kashika nini na kageukia wapi.

Kabla ya kuanza, wa kwanza anaweka vidadu 3 kwenye kelele, wa pili 2, wa tatu 1, wa nne haweki. Leo anaanza dogo. Weka vyako mwanangu, vitatu, hapo hapo. Haya tuone kadi zako tano.