Richard wa Tatu Yuko Mlangoni

BARAKA: Karibuni tena. Leo tuko London, enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza. Zuhura, Juliet, yule binti wa tamthilia ya Shakespeare ya Romeo na Juliet, alipopanda jukwaani mara ya kwanza, aliigizwa na nani?

ZUHURA: Si msichana, hilo nalijua. Ni mvulana hata ndevu hajaota. Wanawake hawakuwa wakiajiriwa kuigiza kule London mpaka 1660.

BARAKA: Na wengi wa wavulana hao walikuwa wanagenzi. Alexander Cooke, kwa mfano. Mwaka 1597 anaandikishwa chini ya John Heminges, mwigizaji wa kundi moja na Shakespeare. Sasa Heminges alikuwa mwanachama wa chama cha wauza viungo, kwa hiyo kwenye karatasi kijana anajifunza biashara ya pilipili manga…

ZUHURA: …kumbe anafundishwa kutembea na gauni asijikwae!

BARAKA: Ndiyo hivyo. Na mikataba ya wanagenzi ilikuwa haina mchezo. Kamari usiguse, vilabuni usionekane, usizini, na kuoa sahau. London hukuachiliwa kabla ya kutimiza miaka 24.

ZUHURA: Haya, angalia uonevu huo. Mchana kijana analia machozi ya mapenzi mbele ya watu waliolipa peni moja kusimama uani. Jioni akimposa binti wa jirani, kavunja mkataba.

BARAKA: Na wahubiri nao hawakumwacha apumue. Kumbukumbu la Torati 22:5, mwanamume asivae mavazi ya mwanamke. Walikuwa nayo mdomoni kila siku.

ZUHURA: Baraka, wewe hukunileta hapa kwa ajili ya mikataba. Nakujua. Toa umbea.

BARAKA: Umbea wa maandishi, dada! John Manningham, mwanafunzi wa sheria pale Middle Temple, aliuandika kwenye shajara yake Machi 1602. Richard Burbage, nyota wa kundi la Shakespeare, anaigiza Mfalme Richard wa Tatu katika tamthilia ya Shakespeare. Mwanamke mmoja wa mjini anamtazama, moyo unamwenda mbio. Kabla hajaondoka anamwachia neno: usiku njoo, ukifika jitambulishe kwa jina la Richard wa Tatu.

ZUHURA: Wanaume wote waliojaa jukwaani, kaona kibiongo muuaji ndiye wa kumpa miadi?

BARAKA: Mapenzi hayo! Basi Shakespeare kayasikia maneno yale. Anatangulia yeye. Anapokelewa, tena vizuri.

ZUHURA: Subiri. Shakespeare huyu huyu mwenye mke Stratford?

BARAKA: Huyo huyo, mume wa Anne. Shughuli imepamba moto, mara ujumbe unaletwa: Richard wa Tatu yuko mlangoni. Shakespeare anarudisha jibu: William Mshindi alimtangulia Richard wa Tatu.

ZUHURA: Mungu wangu! Mfalme wa 1066 na mfalme wa 1483. Na yeye mwenyewe ni William.

BARAKA: Ila Manningham hakuwepo, yeye kaandika alichosikia, kwa hiyo mimi siapi. Na jina la mwanamke halimo.

ZUHURA: Bora lisiwemo. Mimi roho inaniuma kwa huyo aliyetumwa kwenda na kurudi mlangoni. Jibu lile unalifikishaje kwa mtu aliyejipaka marashi?

BARAKA: Na kesho mchana wote wawili wana kazi, jukwaa moja.