Kona za Dirisha na Uchovu wa Metali

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Nianze na Entebbe. Mei 1952, Comet ya Waingereza, ndege ya kwanza ya abiria yenye injini za jeti, ilitua pale katika safari ya London kwenda Johannesburg, ikiwa imeshapitia Roma, Beirut na Khartoum. Iliweza kuruka karibu futi 40,000, kimo ambacho mtu hawezi kuishi bila kuongezewa hewa. Kwa hiyo kabini ilijazwa hewa kwa presha. Kila ndege ilipopanda, bodi yake, yaani kiwiliwili wanamokaa abiria, ilivimba kidogo, na iliposhuka ikanywea.

Tarehe 10 Januari 1954 Comet moja ilisambaratika angani karibu na kisiwa cha Elba, watu 35 wakafa. Tarehe 8 Aprili nyingine ikaanguka karibu na Naples, watu 21. Zote zilikuwa zimetoka Roma na bado zinapanda. Ya kwanza haikuwa imefikisha safari 1,300. Ya pili ilikuwa na takriban 900. Zilikuwa ndege changa!

Uchunguzi ulifanyika Farnborough, kituo cha utafiti wa ndege cha Uingereza, chini ya mkurugenzi wake Arnold Hall. Walichukua Comet nzima, wakazamisha bodi yake kwenye tangi la maji, mabawa yakabaki nje, kisha wakawa wanaipandisha presha na kuishusha, mchana na usiku. Kwa nini maji? Hewa iliyoshindiliwa ikipata upenyo hulipuka na kurarua kila kitu. Maji hayashindiliki kirahisi, hivyo bodi ikipasuka presha huanguka mara moja, na unaona ufa ulikoanzia. Ukichanganya safari zake halisi na za kwenye tangi, bodi ile ilipasuka baada ya safari zaidi ya 3,000, ufa ukianzia kwenye kona ya uwazi uliokatwa ubavuni. Mabaki yaliyoopolewa baharini karibu na Elba nayo yalionyesha ufa ulioanzia kwenye tundu la antena juu ya paa.

Chukua waya, ukunje na kuukunjua. Mara ya kwanza haukatiki, wala ya tano. Unakatika baadaye, kwa nguvu ileile. Huo ndio uchovu wa metali. Ukikata tundu kwenye bati la alumini, nguvu iliyokuwa ikipita pale hulazimika kuzunguka, nayo hujazana kwenye kona. Kona ikiwa kali, inajazana zaidi. Toboa hapohapo matundu ya ribiti, yaani pini za kuunganishia mabati, na ufa umeshapata pa kuanzia.

Sasa naomba mnisikilize vizuri, maana kwangu hili ndilo somo zito kuliko yote. Wahandisi wa Comet hawakuwa wazembe. Walikuwa wamejaribu kipande cha bodi kwa maelfu ya mizunguko ya kupandisha na kushusha presha, na kilidumu zaidi ya mara 15,000. Lakini kipande hichohicho walikuwa wamekipima kwanza kwa presha mara mbili ya kawaida. Presha ile kubwa ilinyoosha metali kwenye kona kidogo tu, na ilipoondolewa, sehemu ile ikabaki imebanwa, na mbano huo huchelewesha ufa. Jaribio la nguvu likawa limekiimarisha kipande cha jaribio la uchovu. Ndege zilizobeba watu hazikupata kinga hiyo.

Comet ilirudi kubeba abiria mwaka 1958 kwa toleo jipya, Comet 4, bati lake nene zaidi, na East African Airways wakaanza kuitumia mwaka 1960.

Tatizo halikuishia hapo. Mwaka 1988, Boeing 737 ya Aloha Airlines ilipoteza paa la mbele angani huko Hawaii. Mhudumu mmoja akafa, rubani akatua Maui. Ilikuwa imeruka mara zaidi ya 89,000, safari fupifupi kati ya visiwa, kwenye hewa ya chumvi. Ndege za Unguja na Mombasa zinaishi kwenye hewa ya namna hiyo. Anayepima umri wa ndege kwa miaka peke yake anakosea, kwa sababu metali inahesabu mizunguko ya presha.

Boeing 787, ambayo Kenya Airways na Air Tanzania wanaitumia, ina bodi ya nyuzi za kaboni. Nyuzi hizo hazichoki kama alumini, ndiyo maana madirisha yake yameweza kuwa makubwa. Udhaifu wake uko kwingine: alumini ikigongwa hubonyea, ukaona, kaboni inaweza kuachana tabaka kwa tabaka ndani, nje ikabaki laini. Kwa hiyo gari la mizigo likiigusa ndege hiyo uwanjani, dereva anapaswa kutoa taarifa hata kama haoni mkwaruzo, na fundi aipime kwa kifaa kabla haijaruka.