Bakuli la Kangomba na Ripoti za Makampuni

Wazee wangu, kina mama, na ninyi vijana mliokaa kule nyuma, ahsanteni kwa kuja na jua hili.

Nani hapa Mtwara halijui bakuli la kangomba? Mnunuzi wa magendo anakukuta nyumbani wakati huna hata unga. Anachota korosho, analijaza bakuli mpaka zinafanya kichuguu, kisha anakwambia hiyo ni kilo. Unajua si kilo. Lakini bakuli ni lake, na mtoto hajala. Ndiyo maana stakabadhi ghalani, ile ya kuuza korosho kupitia ghala, ilipoanza huku mwaka 2007, pamoja na makato yake na malipo kuchelewa, mimi niliipokea kwa mikono miwili: unauona mzigo wako ukipanda kwenye mizani, unaondoka na karatasi yenye uzito wake.

Sasa makampuni makubwa nayo yanapimwa kwa mambo matatu: mazingira, jamii na utawala. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, Milton Friedman, aliandika kwamba wajibu wa kampuni kwa jamii ni kuongeza faida, mradi ifuate kanuni za mchezo. Mwaka 2004, kwa mwito wa Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati huo, mabenki na mifuko ya uwekezaji ikatoa ripoti iliyoyaweka hayo matatu pamoja, kwa jina ESG. Lakini yapimwe kwa ajili ya nani? Ya mwenye mtaji. Mafuriko yatamharibia kiwanda? Wanakijiji watamfungia barabara? Kiwanda kinamfanyia nini mwanakijiji, hilo Ulaya wamelitia katika sheria ya ripoti mwaka 2022, na miaka iliyofuata wakavutana juu yake.

Na mpimaji ni nani? Septemba 2015 Volkswagen ilikuwa imewekwa juu kabisa kati ya watengenezaji magari kwa uendelevu. Mwezi huohuo ikabainika kwamba magari yake ya dizeli, yapatayo milioni 11, yalikuwa na programu inayotambua kuwa gari linapimwa, moshi ukapungua, kisha barabarani ukarudi. Hilo, ndugu zangu, ni bakuli la kangomba. Kubwa tu.

Sisi tuliyauliza haya kabla hatujaambiwa yana jina. Mwaka 2013, ilipothibitishwa kwamba bomba litaipeleka gesi ya hapa kwetu Mnazi Bay hadi Dar es Salaam, watu walitaka kujua Mtwara itabaki na nini. Hawakujibiwa kwa namna waliyoielewa, na tulizika watu. Naumia kila ninapolisema.

Kwa hiyo ripoti hizo zisiishie kwa wanahisa. Zisomwe huku kwenye gesi, Msimbati na Madimba, kwa Kiswahili, kwenye mkutano wa kijiji. Ushuru wa huduma, ile sehemu ya mauzo inayokwenda halmashauri, utajwe kwa shilingi: umelipwa kiasi gani, umejenga nini, wapi. Anayekaa jirani na kisima cha gesi asimame aseme kama ni kweli, na maneno yake yaandikwe ndani ya ripoti ileile.

Mama pale mbele ameinua mkono tangu nilipotaja makato. Tuanze na swali lake.