Siku Gani, na Nani Kapika?

(Mhadhara uliotolewa jioni mbele ya vijana, Kinondoni, Dar es Salaam)

Assalam alaikum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za jioni, wanangu.

Aliyenialika alitaka nizungumzie migahawa na kahawa ya Dar. Nikamwambia mimi si mpishi, sina hata genge la chapati, mimi nauza mchele Tandale. Akasema, "Ndiyo maana, mama." Basi nimekuja. Mkichoka mniambie, ila kijana pale nyuma anayesinzia amewahi mno.

Nianze na kibaraza changu. Duka langu lina kibaraza cha saruji mbele, na kwa miaka kumi na tano sasa kibaraza hicho ni changu kwenye kodi tu. Wenyewe ni wanywa kahawa. Mzee wa kahawa anafika baada ya Alasiri. Anatua jiko lake la mkaa, juu yake birika la shaba lenye mdomo mrefu, wengine mnaliita dele, pembeni ndoo ya kusuuzia vikombe na sahani ya kashata za karanga iliyofunikwa nailoni. Anagonganisha vikombe viwili, ka-ka-ka, na hajamaliza, fundi cherehani ameshavuka barabara. Mimi sikai nao. Mwanamke akikaa kijiweni anaangaliwa mara mbili, halafu nina mizani ya kusimamia. Nakaa ndani katikati ya magunia, kikombe changu analetewa kijana wa kupakia mizigo naye ananipitishia, na nasikia kila kitu.

Siku moja dereva bodaboda, mgeni pale kijiweni, akauliza: "Wazee, biriani nzuri naipata wapi mjini?"

Dalali akadaka. Akataja mgahawa mmoja wa Kariakoo, akaapa kwamba kijana hatajuta.

Fundi cherehani hakuinua hata macho kwenye kikombe. Akauliza, "Siku gani?"

"Siku gani vipi? Biriani ni biriani."

"Ijumaa pale wanapika masufuria matatu, saa nane yameisha. Jumatatu wanapika moja, linakaa mpaka Magharibi. Sasa unamtuma kijana Ijumaa au Jumatatu?"

Mwingine naye akachomeka: "Na kapika nani? Yule mpishi wa Tanga si kashahamia Temeke?"

Ubishi ule ulikwenda mpaka adhana. Lakini kilichonifurahisha ni cha kesho yake. Bodaboda alirudi. Alikwenda, alikula, na akaja kutoa ripoti: wali mzuri, nyama ngumu, foleni ndefu, choo hakifai. Dalali akabatizwa jina la "Biriani" na akaitwa hivyo mpaka Ramadhani ikaingia. Tangu siku ile hapendekezi kitu bila kutaja siku na saa.

Hapo ndipo nataka tukae jioni hii. Sisi watu wa Dar tunapenda sana kupeana maoni ya chakula. Mji una watu zaidi ya milioni tano, sensa ya 2022 ilituhesabu 5,383,728, na sidhani kama kuna hata mmoja asiye na msimamo kuhusu chipsi. Lakini maoni mengi ninayoyasikia siku hizi hayana mwenyewe. "Pale pako poa." Poa kwa nani, saa ngapi, ulikula nini, ulikwenda na nani? Nyie vijana mnaita habari isiyo na ukweli "chai". Mimi neno lile nalipenda, maana kijiwe cha kahawa ukileta chai unajulikana. Kesho utakaa benchi lilelile, na yule uliyempoteza atakuwa amekaa karibu na wewe, goti kwa goti.

Mimi mwenyewe yamenikuta, nisijifanye. Wakwe wa binti yangu walikuja kutoka Lindi. Watu wa Lindi na samaki unawajua. Nikasema siwapikii, nitawapeleka sehemu ninayoijua, mgahawa mmoja ambao sitautaja, nilikula samaki changu wa kupaka pale nikalamba vidole. Nikawasifia njia nzima ndani ya basi la mwendokasi. Tumefika, kibao kilekile, viti vilevile, hata paka nadhani alikuwa yuleyule. Samaki akaja. Mkwe akagusa kidogo kwa kidole, akanusa kwa adabu, halafu akaanza kula kachumbari. Wanangu, mkwe wako akila kachumbari tupu mbele ya samaki mzima, umekwisha. Nikaenda jikoni kuuliza. Mama aliyekuwa akipika ameondoka miezi minne. Mimi nilikuwa nimesifia ukuta. Mkono ulishahama.

Na mji huu mikono inahama kweli. Marehemu mama yangu aliuza vitumbua na maharage Magomeni. Miaka ile ya 1980, ilipokuja sheria ya Nguvu Kazi mwaka 1983, mtu wa kuuza chakula njiani aliweza kukamatwa kama mzururaji. Mama alikuwa akihama kona hii kwenda ile, leo chini ya mwembe, kesho nyuma ya gereji. Wateja walimpata kwa kuulizana tu. "Yule mwenye vitumbua vya iliki yuko wapi leo?" Kwa hiyo mimi nimekua najua kwamba maoni ya chakula ni kuelekezana njia. Hawa kina mama ndio mliokuja kuwaita mama ntilie, mama nitilie, halafu serikali ikawapa jina la heshima, mama lishe. Mwaka 2018 Rais Magufuli alipotoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, nilimkumbuka mama na kona zake. Angekipiga pasi kile kitambulisho.

Sasa niseme ninachokijua kwa mikono yangu, mchele. Mnapolaumu wali wa mgahawa, mara nyingi mnamlaumu asiyehusika.

Mavuno ya Mbeya na Morogoro yanaanza kuingia sokoni mwezi wa tano, wa sita. Mchele mpya unanukia vizuri, lakini una unyevu, na ukiupika kwa maji ya siku zote unashikana. Mchele uliokaa unakunywa maji mengi, unachambuka na unajaza sufuria. Ndiyo maana mwenye mgahawa akija kwangu hanusi kwanza. Anauma punje. Ikivunjika kwa mlio, "ka", anaitaka. Kwa hiyo mtu akiniambia mwezi wa saba kwamba mgahawa fulani "umeshuka, wali bokoboko", namuuliza kama mwezi wa pili alikula hapo. Pengine mpishi ni yuleyule, kapewa mchele mpya na hajapunguza maji. Mpe wiki mbili.

Halafu kuna mchele wa Kyela ambao si wa Kyela. Sote tunajua jina hilo linauza. Kuna wanaochanganya na mchele wa bei nafuu, harufu inabaki juu juu, ukishapoa sahani haina jina. Dawa ni moja: acha kijiko kimoja cha wali kipoe kabisa, ndipo uonje.

Na moto. Wali wa mkaa unapaliwa makaa juu ya mfuniko, unakauka taratibu na unatoa ukoko. Wa gesi unapata moto wa chini peke yake. Sasa hivi majiko makubwa yanahamia gesi, taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziliagizwa kuacha kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, na mimi siwalaumu, macho ya mama yangu yaliharibiwa na moshi. Ila usimwambie mtu "wali wa zamani ulikuwa mtamu" kana kwamba wapishi wa leo ni wavivu. Waliohamia gesi wamenyang'anywa makaa ya juu.

Jambo lingine dogo, mtalicheka. Kuna mama ntilie mteja wangu, sahani yake ya wali maharage ni 2,000, na mchele umepanda mara ngapi, sahani haijapanda. Nikamuuliza siri. Akanionyesha bakuli. Yeye anashindilia wali kwenye bakuli la plastiki, anaugeuza juu ya sahani, unasimama kama kichuguu. Mwanzo alitumia bakuli la bluu. Sasa anatumia la pinki. Yale mawili ukiyaweka mezani hutajua tofauti. Ukitumbukiza la pinki ndani ya la bluu linazama mpaka shingoni. Sijui kama hiyo ni kudhulumu. Akiandika 2,500, wabeba mizigo wake wote wanavuka barabara. Yule dalali wetu aliposema "yule mama siku hizi anabana", nilitoka nje kumtetea, na huwa sitoki.

Chipsi mayai sitazungumzia. Zege ni zege.

Kahawa, basi. Binti wa dada yangu anafanya kazi benki. Akanichukua: "Mama mdogo, leo nakupeleka Masaki ukanywe kahawa ya kweli." Neno "ya kweli" lilinichoma, nikanyamaza. Tumeingia, kiyoyozi kama cha mochwari, samahanini. Nikaagiziwa kapuchino, yeye akachukua kahawa nyeusi. Shilingi 8,000 kikombe. Kwa kikombe cha 200 pale kibarazani, hizo ni kahawa arobaini, ningelala mwaka unaofuata.

Nikaonja ile nyeusi ya kwake. Ina ukali wa mbali, kama ukwaju. Nikajua imeharibika. Nilikuwa nimeshaandaa maoni yangu yote ya kwenda kumwaga kijiweni: Masaki wanauziana kahawa iliyochacha. Lakini nikamkumbuka fundi cherehani na swali lake, nikamwita kijana anayepika. Akaja, "Shikamoo mama." Marahaba. Nikamuuliza hii imetoka wapi na kaifanya nini. Akaniambia ni arabika ya Mbinga, haikukaangwa sana, ule ukali ni wa tunda lenyewe la kahawa, ukikaanga zaidi unapotea. Naye akaniuliza ya kwetu inapikwaje. Nikamwambia: inakaangwa mpaka iwe nyeusi kama mkaa wenyewe, inatwangwa kinuni, inachemshwa na tangawizi, machicha yanatulia chini, na sukari haitiwi, sukari ni ile kashata mkononi. Akasikiliza vizuri kuliko mpwa wangu.

Ni vitu viwili tofauti, na mimi na mpwa wangu, kila mmoja alikuwa tayari kuitukana kahawa ya mwenzake. Na tuseme ukweli, nchi yetu inalima kahawa na kunywa chai. Arabika ipo Kilimanjaro, Mbozi, Mbinga. Robusta ipo Kagera, ambako Wahaya wanaichemsha na kuitafuna, mgeni anapewa punje mkononi kama heshima. Wachaga wana KNCU, chama cha ushirika tangu 1933, na mnada wa kahawa upo Moshi miaka nenda rudi. Lakini sehemu kubwa inapanda meli. Nyumbani kwetu kahawa ilikuwa kopo la Africafé juu ya kabati, linashushwa akija mgeni, na tukiamka tunaulizana, "Umeshakunywa chai?" Mtu wa namna hiyo akitoa hukumu ya kahawa asubiri kidogo.

Nilipokuwa pale nikaangalia watu. Msichana mmoja na kompyuta yake, kikombe kimoja, saa tatu nzima. Nikaelewa 8,000 inakwenda wapi: kiti, umeme wa kuchajia, choo kisafi, na kutofukuzwa. Kwa anayeishi chumba kimoja Sinza na wenzake watatu, ile si bei mbaya. Kibarazani kwangu unalipa 200, lakini lazima uchangie maneno. Ukikaa kimya nusu saa wanakuuliza kama umefiwa, au Simba imefungwa.

Kijana mmoja aliniandikia kikaratasi hapa: "Mama, tutoe maoni mabaya au tunyamaze? Ni riziki ya mtu." Swali zuri. Mimi yule wa samaki nilimwambia mwenyewe, jikoni, kwa sauti ndogo, kwamba samaki huyu si wa leo. Alikasirika. Sikurudi kuangalia. Lakini kijiweni nilisema tu, "Mpishi kahama," na hiyo ilitosha, kila mtu akaelewa.

Muda wangu umekwisha, naona mwenyekiti anaangalia saa. Mlitaka niwaelekeze sehemu moja, basi nawaelekeza. Mihogo ya Coco Beach. Jumapili jioni nendeni kwa ajili ya watu, mihogo msiitegemee, inatolewa kwenye mafuta haraka maana foleni inasukuma. Mimi nilikula Jumatano iliyopita, saa kumi na moja jioni. Nilikataa ya juu ya karai, nikasubiri nikaangiwe upya, dakika kumi hivi. Ilikuwa imepasuka vizuri, haina nyuzi. Kachumbari ilizidi chumvi kidogo. Aliyekaanga ni mama wa makamo, kanga ya njano, mkono wake wa kushoto una kovu la mafuta ya zamani. Alikuwa peke yake, kijana wa kumsaidia hakuja siku hiyo. Pilipili mwambieni aiweke pembeni.

Mkienda mkakuta sivyo, njooni mniambie. Mimi nipo Tandale kila siku kuanzia saa moja asubuhi, ulizeni duka lenye kijiwe cha kahawa mbele. Jumapili sifungui.