Jiko tulivu huanzia kwenye sinki

Ndugu zangu, wengi mmenijia na picha kwenye simu, majiko ya mtindo unaochanganya Skandinavia (Sweden, Norway na Denmark) na Japani: mbao za rangi isiyokolea, ukuta mweupe, kikombe kimoja kaunta nzima. Mnaniuliza rangi. Nami nawauliza, kama kila mwaka: vyombo vikishaoshwa, vikiwa bado vimelowa, vinakaa wapi?

Mwaka 1944 na 1945, huko Finland, Maiju Gebhard alikuwa mkuu wa idara ya kazi za nyumbani kwenye Työtehoseura, taasisi inayoshughulikia ufanisi wa kazi. Akasanifu kabati la kukaushia vyombo. Linafungwa ukutani, juu ya sinki moja kwa moja. Rafu zake ni za waya, chini liko wazi. Unaosha sahani, unaichomeka, unafunga mlango, basi. Maji yanadondokea sinkini. Hufuti kwa kitambaa, huhamishi chombo mara ya pili, kwa sababu kinapokaukia ndipo kinapokaa. Kwani hiki si kichanja chetu cha uani, kimeingizwa ndani na kutiwa mlango? Nyumba za Finland zinalo mpaka leo.

Najua, mtasema mna mashine ya kuoshea. Haya, kisu kizuri mnakitia humo? Mwiko wa mbao? Bakuli la Kijapani lililopakwa laki? Vyote hivyo huoshwa kwa mkono, kisha huzagaa kwenye kaunta mliyoilipia iwe tupu.

Wengine mtadai Finland si Skandinavia. Kwa ramani ni kweli. Kwa jiko, mtu akiniletea suluhisho hili simwulizi pasipoti.

Japani sasa, kwa haraka. Wajapani hukadiria kimo cha kaunta hivi: urefu wa mpishi ugawe kwa mbili, ongeza sentimita 5. Mwenye sentimita 160 anahitaji kaunta ya 85. Mwenye 170, ya 90. Fundi anayejenga kabla hajaujua urefu wako anakujengea maumivu ya mgongo. Na lile neno lao *ma*, nafasi iliyo kati ya vitu: hiyo hupangwa tangu mwanzo, haibaki kwa bahati.

Mbao nilitaka niziseme kwa kirefu, jinsi Wadenmaki wanavyozipaka sabuni badala ya vanishi, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Aliyekuja na vipimo vya ukuta wa juu ya sinki lake asogee mbele, tuchore.